Rekodi Tisa za Visiwa Vyetu, kwa Wawili Wasio na Haraka

Ndoa yetu ilipotimiza miaka ishirini, mke wangu hakutaka ukumbi wala keki. Aliomba siku kumi na mbili tu. "Baba watoto," alisema, "nipeleke mahali ambapo hiyo saa yako ya mkononi haina kazi." Tukafunga safari ya visiwani, Mafia, Unguja na Pemba, mwezi wa Januari, kaskazi inapovuma na mbingu imetakata.

Saa niliiweka mfukoni. Daftari sikuliacha. Tangu shuleni napenda kuandika vilivyo vikubwa kuliko vyote, vikongwe kuliko vyote, vya kwanza na vya pekee, na nilijua visiwa hivi vina vya kujaza kurasa. Nilichokuja kukigundua siku ya tano, nikisoma nilichoandika, ni kwamba karibu kila mwenye rekodi alikuwa mwenda taratibu. Aliogelea taratibu, alikua taratibu, alikula taratibu, na aliyemwendea kwa pupa hakumwona. Orodha yenyewe ni hii, kwa mpangilio wa safari yetu.

1. Samaki mkubwa kuliko wote: papa potwe wa Kilindoni

Mafia tulifika kwa boti kutoka Nyamisati, kule mkoani Pwani. Kuanzia Oktoba hadi Februari, papa potwe husogea karibu na pwani ya magharibi ya kisiwa, mbele ya mji wa Kilindoni, karibu kiasi kwamba safari ya boti ya kwenda kumtafuta huanzia ufukweni kwenye masoko ya samaki.

Hakuna samaki duniani anayemfikia potwe kwa ukubwa. Aliyekomaa kabisa huweza kufika mita 18. Wengi wa Mafia ni vijana, wa mita sita au saba, na hata hao wanapita urefu wa daladala. Na mkubwa huyu chakula chake ni uduvi na vijidudu vinavyoelea. Hufungua kinywa kipana, akachuja maji, akaendelea na safari yake kwa mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu. Madoadoa meupe ya ubavuni mwake hayafanani na ya mwingine yeyote, na kwa hayo watafiti wamewatambua mmoja mmoja zaidi ya mia moja. Wamegundua pia kwamba wengi hawahami Mafia. Msimu ukipita huenda maji ya mbali kidogo, ndani zaidi, kisha uduvi ukirudi nao hurudi.

Mke wangu hajui kuogelea. Alivaa jaketi la kuokolea maisha, akashuka ngazi ya boti akiwa ameshika kamba. Nahodha alizima mashine. "Bibie, usipige maji kwa miguu," alimwambia. "Wewe tulia. Mwache yeye aje." Tukaelea. Wageni wa boti nyingine walikuwa wakimfukuza potwe kwa kasi, wakapata mkia tu. Wetu alikuja mwenyewe, akapita chini yetu kama kivuli cha wingu, kichwa, mapezi, mgongo wenye nyota, mkia, na ilionekana kama hatamalizika kupita. Mke wangu aliporudi botini alijifunga kanga mabegani, akakaa kimya mpaka tukafika nchi kavu.

2. Hifadhi ya bahari ya kwanza Tanzania Bara: ghuba ya Chole

Upande wa pili wa Mafia, kusini na mashariki, ndiko ilikotangazwa hifadhi ya bahari ya kwanza Tanzania Bara, mwaka 1995, yenye kilomita za mraba 822. Ndani yake mna matumbawe, mikoko, nyasi za baharini na vijiji vyenye watu wanaoendelea kuvua. Hilo la mwisho ndilo lililonivutia. Hifadhi hii haikuwahamisha wavuvi ili samaki wapone. Iligawa maji kwa kanda, mahali pa kuvua na mahali pa kuacha.

Kisiwa cha Juani, ng'ambo ya ghuba, kina fukwe ambako kasa hupanda kutaga. Jike huchimba shimo, hufukia mayai mia moja au zaidi, kisha hurudi baharini asigeuke nyuma. Baada ya miezi miwili hivi mchanga huanza kutikisika. Wataalamu hukadiria kwamba katika vitoto elfu, pengine mmoja tu hufikia utu uzima, na huyo mmoja huchukua miongo miwili, mitatu, kabla ya kurudi pwani kutaga. Anayetaka kuwaona vitoto wakiteremka baharini aende katikati ya mwaka. Sisi Januari tulikuta mchanga mtupu na nyayo za kaa. Tulikaa hapo hapo hadi maji yalipojaa yakafika miguuni.

3. Mkubwa kuliko wote wa nchi kavu wenye ganda badala ya mifupa: kaa wa Chumbe

Katika ukoo mzima wa wadudu, kaa, nge na tandu, wote wenye ganda badala ya mifupa, hakuna anayeishi nchi kavu aliye mkubwa kuliko kaa wa minazi. Hufikia kilo nne, na akitandaza miguu hupata kama mita moja. Kucha zake zina nguvu ya kupasua nazi. Akiwa mchanga hubeba kombe mgongoni kama binamu zake wa ufukweni, na akishakua huliacha. Ukimtumbukiza baharini mtu mzima huyu, atazama afe. Anaweza kuishi miaka 60 na zaidi, na huchukua miongo kadhaa kufikia ukubwa wake kamili. Ndiyo sababu amekwisha katika visiwa vingi vyenye watu: huliwa haraka kuliko anavyokua.

Huko Chumbe, kisiwa kidogo kusini mwa mji wa Zanzibar, bado anaonekana. Miamba ya matumbawe ya huko ililindwa rasmi mwaka 1994, na Chumbe hutajwa kuwa hifadhi ya bahari ya kwanza duniani kuendeshwa na watu binafsi. Waliokuwa wavuvi walifundishwa kuwa walinzi. Mnara wa taa wa mwaka 1904 bado umesimama, nyumba za wageni ni saba tu, na maji ya kuoga ni ya mvua yaliyokingwa kwenye paa. Msitu wake umehifadhi pia paa nunga, mmoja wa paa adimu kabisa barani Afrika, ambaye nje ya Zanzibar hupatikana katika misitu michache ya pwani ya Kenya.

Kaa hutoka usiku. Mwongozaji alitupitisha kijiani na tochi moja, taratibu, mpaka akasimama na kunyoosha mkono. Alikuwa amejibana kwenye shina, wa rangi ya buluu iliyoiva, mkubwa kama paka. Mke wangu alimshika mkono mwongozaji kwa hofu, kisha akacheka, kisha akauliza swali ambalo sikuwa nimeliwaza: "Huyu naye ana mwenziwe?" Huishi peke yao, mwongozaji alijibu, kila mmoja na shimo lake.

4. Wenye maisha marefu kuliko wote wa nchi kavu: kobe wa Changuu

Changuu wengi hukiita kisiwa cha gereza. Gereza lilijengwa mwaka 1893, likaishia kuwa karantini ya wasafiri. Wakazi wake mashuhuri walifika mwaka 1919, kobe wanne wakubwa, zawadi kutoka Shelisheli. Asili yao ni Aldabra, kisiwa cha mbali ambacho hadi leo kina kobe wapatao laki moja, wengi kuliko kobe wakubwa wa mahali pengine popote duniani.

Dume huweza kufikia kilo 250. Umri wao ndio hasa unaowapa rekodi. Kobe aitwaye Jonathan, wa kisiwa cha Saint Helena, ambaye asili yake pia ni Shelisheli, anakadiriwa kuzaliwa mwaka 1832, na ametambuliwa kuwa mkongwe kuliko wanyama wote wa nchi kavu wanaojulikana. Mwaka huo Sultani Seyyid Said alikuwa bado anatawala Oman na Zanzibar. Wa Changuu wameandikwa umri mgongoni kwa rangi, na baadhi wamepita miaka mia.

Walikaribia kwisha. Katika miaka ya 1990 waliibwa na kuuzwa hadi wakabaki wa kuhesabu kwa vidole, ndipo wakajengewa uzio na kuwekewa walinzi. Leo wanazaliana. Mpe jani la sukumawiki, kisha umkune shingoni kwa kidole: atainuka juu ya miguu yake minne, anyooshe shingo, afumbe macho. Mke wangu alimkuna mmoja kwa muda mrefu sana, mpaka watoto wa shule waliokuwa kwenye ziara wakapanga foleni nyuma yake. "Mama, na sisi," walimwambia. "Haya wanangu, lakini taratibu," akawaachia nafasi.

5. Wa Zanzibar pekee: kima punju

Kima punju ana mgongo mwekundu, mashavu meusi, na nywele nyeupe zilizotimka kipajini. Punju ni sumu, na jina hilo alipewa na wazee walioichukia harufu yake na kuamini kwamba huua miti. Hana kwao kwingine. Ameumbwa Unguja, na wachache waliwahi kuhamishiwa Pemba. Makao yake makuu ni Jozani, ambako mwaka 2004 kulitangazwa Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, ya kwanza Zanzibar.

Tumbo lake lina vyumba kama la ng'ombe, na majani huchachuka humo polepole. Matunda mabivu yenye sukari humdhuru, kwa hiyo hupenda mabichi. Kwa jirani zake wakulima amejifunza kula majani machanga ya miembe na mikungu, ambayo yana kemikali za kumsumbua tumbo, na dawa yake ameipata mwenyewe: hula mkaa. Huuokota penye tanuri za zamani na magogo yaliyoungua, na watoto hujifunza kwa kuwatazama mama zao. Mkaa hunyonya ile sumu.

Zamani iliaminika wamebaki kama elfu mbili. Watafiti walipokuja kuhesabu kisiwa kizima kwa uangalifu walipata zaidi ya 5,800. Ni habari njema, ingawa bado yuko hatarini, maana msitu hukatwa na barabara inapita katikati ya makazi yake. Magari yaliwagonga wengi mpaka yalipowekwa matuta. Ukipita barabara ile ukakasirishwa na matuta, wajue unaowapisha. Tulisimama chini ya mti mmoja nusu saa. Mama mmoja wa kima alimpakata mwanawe, akatuangalia, akaendelea kula.

6. Aliyerudi kutoka ukingoni: popo wa Pemba

Waarabu wa kale walikiita Pemba Kisiwa cha Kijani, na ukiwa juu ya kilima ukitazama minazi, mikarafuu na mabonde ya mpunga huwezi kuwabishia. Hapa yupo popo asiyepatikana kisiwa kingine chochote duniani. Uso wake ni wa rangi ya kutu, kama wa mbweha, na mabawa yakitandazwa hufika mita moja na sentimita sitini.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 walikuwa wamebaki wachache mno. Misitu ilikuwa imefyekwa kwa mikarafuu na mashamba, na bunduki ziliwamaliza kwa ajili ya kitoweo. Kilichowaokoa kilianzia vijijini. Wanakijiji waliunda vikundi vya kulinda miti wanakolala popo, wakawekeana sheria, wakawafundisha watoto kwamba popo ndiye mpanzi wa msitu, anayedondosha mbegu usiku kucha. Baadhi ya makundi yalikuwa yamesalimika kwenye vichaka vya makaburi, mahali ambapo hakuna mtu aliyethubutu kukata mti. Leo idadi yao imepita 20,000. Ni wanyama wachache waliowahi kupona kwa kasi hiyo.

Kidike, kati ya Chake Chake na Wete, unalipa kiingilio kidogo kinachobaki kijijini. Tulifika alasiri. Juu ya miti walikuwa mamia, wamejikunja kwenye mabawa yao kama watu waliojifunika mashuka, wakigombana, wakijikuna, wakijipepea. Jua lilipozama waliachia matawi kundi baada ya kundi, wakaelekea magharibi bila sauti zaidi ya ngozi inayopiga hewa.

7. Vita vifupi kuliko vyote: asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896

Siku mbili kabla ya asubuhi hiyo, Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki na Khalid bin Barghash akajitangaza mrithi bila ridhaa ya Waingereza. Walimpa hadi saa tatu asubuhi awe ameondoka. Muda ulipopita, meli zao tano zilifyatua mizinga kuelekea kasri. Baada ya dakika 38, wengine huhesabu 45, bendera ilishuka. Watu wapatao mia tano upande wa Zanzibar waliuawa au kujeruhiwa. Upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja. Kitabu cha rekodi huvitaja kuwa vita vifupi kuliko vyote katika historia, na wageni wengi huvisimulia wakicheka.

Tuliporudi Unguja tuliketi Forodhani, mbele ya mahali makombora yalipoangukia, na bakuli mbili za urojo. Jengo la Beit al-Ajaib, lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, lilinusurika siku ile, likaja kuporomoka kwa sehemu tarehe 25 Desemba 2020. Nilipomaliza kumsimulia mke wangu, bakuli zilikuwa zimekwisha na vijana waliokuwa wakipiga mbizi ukutani walikuwa wamekauka. Zilikuwa zimepita dakika arobaini hivi. "Yaani muda huu tu," alisema, "na watu mia tano." Hatukuagiza kitu kingine.

8. Tawasifu ya kwanza ya mwanamke wa Kiarabu: binti wa Mtoni

Kaskazini kidogo ya mji, ufukweni, yapo magofu ya Mtoni, kasri kongwe kuliko zote za masultani wa Zanzibar. Hapo mwaka 1844 alizaliwa Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said. Wasichana walifundishwa kusoma, kuandika hapana. Yeye alijifunza kwa siri, akinakili herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia.

Alipokuwa na miaka ishirini na kitu, alimpenda jirani yake, mfanyabiashara Mjerumani aitwaye Heinrich Ruete. Mwaka 1866 alitoroka kwa meli hadi Aden, wakafunga ndoa mwaka uliofuata, wakaenda Hamburg. Mume alifariki mwaka 1870 kwa ajali ya tramu, akamwacha ugenini na watoto watatu wadogo. Mwaka 1886 alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani, tawasifu ya kwanza inayojulikana ya mwanamke wa Kiarabu, na humo mna Mtoni yote: farasi, kelele za watoto, baraza lililotazama bahari.

Alifariki mwaka 1924. Katika vitu vyake ulikutwa mfuko mdogo wa mchanga wa pwani ya Zanzibar, akazikwa nao. Nilimweleza hayo mke wangu tukiwa tumeegemea ukuta uliobomoka, mawimbi yakiwa hatua chache. Aliinama, akachota mchanga, akauacha umwagike kati ya vidole, mara mbili, mara tatu. Miaka mitatu tu ya ndoa, alisema, na miaka hamsini na minne ya kumkumbuka.

9. Machweo ya haraka kuliko yote: Michamvi Kae

Waliobahatika kukaa nchi za kaskazini wanajua kwamba huko jua la kiangazi huzama kwa mshazari, likiteleza pembeni, na mwanga hubaki saa nzima na zaidi. Karibu na ikweta jua hushuka wima. Zanzibar iko nyuzi sita tu kusini ya ikweta, na kwa hesabu za wanafalaki, tangu duara la jua liguse maji mpaka limezwe zima hupita dakika mbili na kidogo. Baada ya dakika ishirini na kitu kumeingia giza. Duniani hapana mahali linapozama kwa kasi kuliko kwenye ukanda huu wetu. Na halikosei ahadi: mwaka mzima huzama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasorobo, au dakika tano mbele.

Kwa Unguja, mazoea ni kwenda Nungwi au Kendwa kuliona likizama, kwani fukwe zile zinatazama magharibi. Fukwe za mashariki hupata macheo. Ila ipo moja ya mashariki iliyogeuza uso: Michamvi Kae, upande wa ndani wa rasi, inayotazama magharibi juu ya Ghuba ya Chwaka. Uliza kwanza habari za maji. Siku za bamvua yakipwa huenda mbali, ukabaki na uwanda wa mchanga unaong'aa na kina mama wakirudi kutoka kwenye mashamba yao ya mwani. Siku za maji mafu bahari haisogei sana.

Sisi tulikuta maji yamejaa, Alhamisi, jioni yetu ya mwisho. Nilitoa saa mfukoni. Nilitaka kupima mwenyewe zile dakika mbili, niandike namba yangu kwenye daftari. Jua lilipogusa maji mke wangu aliweka kiganja chake juu ya saa. Hakusema kitu, wala hakunitazama. Ngalawa moja ilipita katikati ya mwanga, tanga limelegea, na ilipotoka upande wa pili jua halikuwepo.

Rekodi ya tisa daftarini mwangu haina namba. Kutoka kijijini ikasikika adhana ya magharibi, na kwa hesabu ya wazee wetu wa pwani, ambao siku huianza jua linapozama, Alhamisi ilikuwa imekwisha na usiku wa Ijumaa umeingia. Tulibaki tumeketi, siku mpya ikiwa na dakika chache tu, na tulikuwa nayo yote.